Wifi yangu anaruka siku za ARV ili zisiishe, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Goma. Wifi yangu anameza ARV miaka sasa. Kabla ya vita ya Januari 2025 alikuwa kambi ya Bulengo, kambi ikavunjwa, kituo alichokuwa anachukulia dawa kikafungwa, na hapa watu wanasema Marekani imekata pesa dawa haziji tena. Basi anameza leo kesho anaruka. Na ananyonyesha. Ni kweli dawa zimeisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mwambie aache kuruka, leo hii, ameze kila siku huku mnatafuta nyingine, maana dawa ikiwa kidogo mwilini virusi vinaongezeka, vinaweza kuizoea, na mtoto anaweza kuambukizwa kupitia maziwa. Asimwachishe ziwa kwa woga. Aende kituo chochote kinachotoa ARV, hata kama sio chake, hata kama kadi imepotea, abebe kopo la dawa, aseme ukweli kwamba amekuwa akiruka ili wampime wingi wa virusi na mtoto naye apimwe apewe dawa ya kinga. Nesi akimgombeza avumilie tu, ila ajue hana kosa lolote, amekimbia mabomu.

Kuhusu pesa, yanayosemwa yana ukweli nusu. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na wiki moja baadaye Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, yaani mambo mawili yakawapiga pamoja. Lakini PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa ukimwi, kwa Kongo umejikita zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba, huko Kivu ARV nyingi zinakuja kwa pesa za Mfuko wa Dunia (Global Fund), unaochangiwa na nchi nyingi. Marekani ndo mchangiaji mkubwa wa mfuko huo pia, kwa hiyo wasiwasi upo, ila kukatwa kwa pesa sio sawa na stoo kuwa tupu. Kilichowakwamisha zaidi ni uwanja wa ndege kufungwa na vituo kuporwa.

Linaloniuma mimi ni kinga. Siku chache baadaye Marekani iliruhusu matibabu yaendelee, ila vidonge vya kujikinga, vile anavyomeza asiye na virusi ili asiambukizwe, wakaruhusu kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nani aliamua kwamba binti wa Goma asubiri mpaka awe mjamzito? Na wanawake wanabakwa hapo kila siku! Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ndani ya saa 72, mapema zaidi ndo bora, azimeze siku 28, na pesa za Marekani zilikuwa zinalipia sehemu ya dawa hizo. Waambie majirani hizo saa 72, wengi wanakuja wiki imepita.

Wifi akipata dawa aombe za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, inaruhusiwa kwa aliyetulia na dawa, na kwenye vita ndo inafaa zaidi. Wakisema hazitoshi achukue walizonazo, aulize tarehe ya kurudi.