"Hachomwi mtu": maswali yenu kuhusu mionzi ya tezi dume

*Shikamoo daktari. Baba ana miaka 71. Hospitali ya KCMC, Moshi, walimchukua kinyama, majibu yakaonyesha saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa. Ameambiwa aende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kuchomwa mionzi. Amegoma, anasema hawezi kuchomwa akiwa hai. (Binti, Machame)*

Marahaba mwanangu. Hilo neno "kuchomwa" limewaponza wazee wengi, na sisi wahudumu tunalitumia bila kufikiri. Mwambie baba hakuna moto. Atalala chali kitandani, watamweka sawa kwa kufuata alama ndogo walizomwekea siku ya vipimo vya maandalizi, kisha watatoka chumbani. Mashine itafanya kazi dakika chache na hatasikia maumivu, kama vile anapigwa eksirei. Mionzi huharibu vinasaba vya seli za saratani zishindwe kuzaliana. Seli zenye afya nazo huguswa, ila hujikarabati vizuri zaidi, ndiyo maana dozi hugawanywa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa. Na hili mwambie taratibu, mkiwa mmekaa: kwa ugonjwa ambao haujasambaa, tiba hii inalenga kumponya kabisa, sawa na upasuaji.

*Mume wangu akirudi nyumbani, wajukuu wasimkaribie? (Bibi, Ngaramtoni)*

Wampakate tu, bibi. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Tahadhari huwekwa kwa waliopandikizwa punje za mionzi ndani ya tezi yenyewe, na hao huelekezwa kabla ya kuruhusiwa.

*Nimepangiwa siku 20 Dar. Naweza kukatisha wiki moja nirudi kuvuna kahawa? (Mkulima, Kibosho)*

Usikatishe, mzee wangu. Siku 20 ni wiki nne, na wenzako wengine hupangiwa zaidi ya siku 35. Zile dozi zinategemeana, na pengo refu katikati linazipa seli za saratani nafasi ya kujijenga upya. Najua kahawa iliyoiva haingoji mtu, na najua Dar kuna nauli, chakula na mahali pa kulala. Ndiyo maana nasema kikao cha familia kifanyike kabla hujapanda basi: nani atavuna, nani atapokea pesa, utafikia kwa nani. Watoto wakikuchangia nauli wakakuachia shamba likusumbue akili, hawajakusaidia. Ukipata dharura kweli, waambie madaktari mapema ili wapange namna ya kufidia siku hizo.

*Naona aibu kuuliza. Tangu aanze sindano za homoni, mume wangu hanigusi. Ni mionzi? (Mama, Sanawari, Arusha)*

Usione aibu, mama. Kwa haraka hivyo, yaelekea ni sindano. Zinashusha homoni ya kiume inayolisha saratani hiyo, na hamu inaondoka nayo. Kwa wengi hurudi miezi kadhaa baada ya kuacha sindano, ingawa kwa wazee huchelewa na wengine hairudi yote. Mionzi yenyewe hupunguza nguvu za kiume polepole, kwa miaka. Zipo dawa zinazowasaidia wengi, lakini asinunue za mitaani, hasa kama anatumia dawa za moyo. Nendeni kliniki wawili. Mwanaume akiwa peke yake, swali hili hulimeza.

*Mbege na mtori naruhusiwa wakati wa mionzi? (Msomaji, Moshi mjini)*

Mtori kunywa. Mbege iache kwanza, kibofu kitakuwa kinawasha na utakojoa mara kwa mara. Punguza pia maharage na kabichi: gesi ikijaa utumbo husogeza tezi kutoka pale mashine inapolenga. Kwa sababu hiyo hiyo utaambiwa uende haja kubwa, kisha unywe maji kibofu kijae kabla ya kulala kitandani. Kuhara kidogo na uchovu ni kawaida. Ukiona damu au mkojo ukiziba, sema siku hiyo hiyo.

*Nimemaliza miezi mitatu iliyopita, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) bado haijafika sifuri. Imeshindikana? (Mstaafu, Usa River)*

Hapana. Tezi yako bado ipo, haikutolewa. Baada ya mionzi PSA hushuka polepole, hata mwaka mmoja na nusu au zaidi, na huweza kupanda kidogo kisha ikashuka tena. Tunza karatasi za vipimo vyote, uende nazo kila kliniki.