Mshale Ukilala, Usikimbilie Bisibisi

Maswali ya dashibodi yamekuwa mengi kuliko ya injini. Nimechukua machache. Ninyi mnaoandika "gari langu lina shida, nifanyeje?" bila kutaja hata aina ya gari, endeleeni kusubiri.

Fundi, shikamoo. IST yangu mishale yote imelala ghafla, ila gari linatembea. Nimeshaanza kufungua dashibodi. Niendelee? (Nkuhungu)

Marahaba. Rudisha hizo skrubu. Mishale yote ikilala kwa pamoja, mara nyingi dashibodi ni nzima, imekosa umeme tu. Angalia fyuzi iliyoandikwa GAUGE au METER. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi hiyo hiyo inalisha taa za rivasi, kwa hiyo zima injini, vuta hendibreki, washa swichi, weka rivasi, mtu atazame nyuma. Kama nazo haziwaki, umeshapata pa kuanzia. Weka fyuzi ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unagusa bodi mahali, utafute. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, na usikubali fundi akufungie kipande cha waya wa shaba badala ya fyuzi. Gari zima linaweza kuteketea kwa kukwepa kitu cha bei ya andazi.

Nifanye nini taa ya check engine izime? (Area C)

Tengeneza injini.

Nimenunua Noah kwa mtu. Dashibodi haina taa yoyote ya hatari, safi kabisa. Nimepata bahati? (Manyoni)

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini, ya oili, ya betri na ya eabegi zote zinatakiwa ziwake, kisha zizime gari likishawaka na kila kitu kikiwa sawa. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa. Wapo wauzaji wanaong'oa balbu au kubandika selotepu nyeusi kwa ndani, na mnunuzi anasifia usafi. Jaribio hili lilipaswa kufanyika kabla hujatoa hela.

Geji ya mafuta inasoma nusu, gari linazima njiani kwa kukosa mafuta. Fundi anataka ninunue dashibodi nyingine. (Kibaigwa)

Usinunue. Mishale mingine inafanya kazi, sivyo? Basi mtuhumiwa wa kwanza yuko kwenye tanki: boya limekwama au njia yake ya umeme imelika. Kwenye gari nyingi ndogo mfuniko wake uko chini ya siti ya nyuma. Chomoa soketi, washa swichi. Kwa Toyota nyingi za mishale ya kawaida, mshale ukishuka hadi E, dashibodi inasikia vizuri na kosa liko tankini. Fanya kazi hiyo nje, kwenye hewa, betri ikiwa imechomolewa unapofungua tanki lenyewe. Na sigara iache ndani.

Mshale wa spidi unakufa gari likipata joto. Nikipiga dashibodi kofi unarudi. Naweza kutengeneza mwenyewe? (Kisasa)

Hili ndilo swali la mtu aliyetazama gari lake. Kofi likiamsha mshale, mara nyingi risasi ya kuunganishia imepasuka kwenye miguu ya soketi au ya mota ya mshale. Sensa ya spidi kwenye giaboksi ikifa haijali makofi.

Chomoa hasi ya betri kwanza, kwa spana namba 10. Shusha usukani, toa fremu taratibu. Vibanio vya plastiki vilivyokaa juani Dodoma miaka yote hiyo vinakatika kama biskuti. Chomoa soketi kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Kabla ya kugusa saketi, shika chuma kilichogusa ardhi, maana kiangazi chetu kikavu kinajaza mwili umeme unaoweza kuua chipu. Tazama miguu kwa lenzi: ufa unaonekana kama duara jembamba jeusi kuzunguka pini. Pasha upya kwa pasi ndogo ya kuyeyushia risasi, ongeza risasi kidogo, toka. Mshale wenyewe usiuzungushe kwa kidole. Kioo cha plastiki futa kwa kitambaa laini chenye maji. Petroli na thina vinakitia ukungu usiotoka.

Kama hujawahi kushika pasi ya risasi, mpelekee fundi redio. Na mpaka ipone, endesha polepole. Askari mwenye tochi hasikilizi habari za mshale.

Nimepata dashibodi ya mtumba yenye kilomita 64,000. Yangu ilisoma 190,000. Nikiifunga kuna tatizo? (Singida)

Umefurahi, nimeona. Kwenye magari mengi namba hizo zinakaa kwenye chipu ya kumbukumbu ndani ya dashibodi, kwa hiyo utakuwa na gari la kilomita 190,000 linalodai ni la 64,000. Andika tarehe na namba zote mbili kwenye karatasi, itunze na kadi ya gari, na siku ya kuuza mwonyeshe mnunuzi. Usipofanya hivyo wewe ni tapeli, hata kama hukukusudia. Pia hesabu ya kubadilisha mkanda wa taimingi na oili ya giaboksi ifuate ile 190,000. Ukiifuata hii mpya, utakwama mlimani Sekenke na mzigo.

Kama gari ni Golf au Passat ya miaka ya 2000, usiifunge kabisa kabla ya kuonana na mwenye kompyuta. Kwenye nyingi, immobilaiza, yaani kizuia wizi cha injini, imo ndani ya dashibodi. Gari litawaka sekunde chache na kuzima.

Gari langu limetoka Uingereza, linasoma maili. Kwenye kibao cha 50 niende ngapi? (Kondoa)

Mshale usivuke 30. Namba ndogo za ndani ndizo kilomita.