Gari Limekosa Nguvu Baada ya Kubadilishiwa Mkanda wa Taimingi: Anza na Pistoni

Gari likiingia gereji na nguvu zake, kisha likatoka na mkanda mpya wa taimingi huku likishindwa kupanda mlima, usikubali kuuziwa plagi wala pampu ya mafuta kabla ya kukaguliwa kile kilichoguswa siku ile. Kwa magari ya namna hiyo ninayoletewa, chanzo mara nyingi ni mpira wa hewa au soketi ya sensa isiyorudishwa vizuri, ama mkanda uliofungwa ukiwa umeruka jino. Mpira na soketi huonekana kwa macho. Jino ndilo linalosumbua, kwa sababu injini bado huwaka na kunguruma kama kawaida, na mwenye gari huambiwa aliendeshe tu, litazoea.

Mkanda huo huunganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua valvu. Krenki huzunguka mara 2 wakati kemshafti inazunguka mara 1. Puli ya krenki ikiwa na meno 24, kuruka jino 1 ni kupoteza nyuzi 15 za mzunguko wake, na valvu zote hufunguka na kufunga nje ya wakati. Zikichelewa, gari huwa zito kuondoka na mlimani, lakini hupata nafuu kidogo likishika kasi. Zikiwahi, huondoka vizuri na kuishiwa pumzi mbele ya safari. Ndiyo maana humhoji dereva kwanza kabla sijashika spana.

Baada ya hapo hupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda zote zikiwa chini kwa kiasi kinacholingana, ninaishuku taimingi. Ikiwa moja tu, natazama valvu au gasketi. Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini, nayo husaidia sana: injini ya petroli isiyo na hitilafu, ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, na sindano inayotulia chini ya 15 huashiria valvu zinazochelewa. Usomaji huo hushuka kwa takriban inchi 1 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo gari lililoko Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, halilinganishwi na lililoko Dar es Salaam.

Corolla moja yenye injini ya 5A ilinifikia ikiwa imeshabadilishiwa plagi, waya zake na pampu ya mafuta. Mfuo wa puli ya krenki ulikuwa umekaa sawasawa kwenye sifuri, alama ya kwamba pistoni ya kwanza imefika juu kabisa, na kitundu kidogo cha puli ya kemshafti kilielekea alama yake, hivyo fundi aliyetangulia alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba amefunga sawa. Kilichonitia shaka ni distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, ambayo ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa nafasi ya bolti yake. Nilichomoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza bisibisi ndefu taratibu hadi ikaigusa pistoni na kuizungusha krenki kwa mkono: bisibisi iliendelea kupanda hata baada ya mfuo kuipita sifuri. Mpira unaounganisha ukingo wa puli na kitovu chake ulikuwa umeachia, ukingo ukateleza pamoja na alama yake. Taa ya taimingi, inayopima wakati wa cheche ya plagi, isingefichua kitu, kwa kuwa nayo husoma alama hiyo hiyo. Tuliweka puli nyingine, tukaufunga mkanda upya kwa kufuata pistoni, tukaizungusha krenki mizunguko 2 kamili kwa mkono na kuhakiki alama kabla ya kurudisha vifuniko, ndipo tukaunganisha TE1 na E1, pini mbili za soketi ya ukaguzi, na kuirudisha distribyuta kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Kwa injini za dizeli kama 1HZ ya Toyota, mkanda huo huo huendesha pia pampu ya dizeli, kwa hiyo alama ya puli ya pampu lazima ihakikiwe pamoja na nyingine. Pampu ikichelewa, gari hupungua nguvu na kutoa moshi mweupe. Ikiwahi, injini hugonga kwa sauti kavu, na gari la namna hiyo lisiendeshwe hadi lirekebishwe.