Brekidauni wameharibu giaboksi: mkuu, fundi asifungue kitu kwanza!

Mkuu, spana chini. Kama fundi ameshafika mpe chai, mpe stori, mpe hata kitanda alale, ila hilo gari asiliguse. Nimesoma uzi wako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Kwa waliochelewa kuingia: gari la mtoa mada ni otomatiki, linavuta miguu yote minne muda wote, yaani injini inazungusha tairi zote nne. Altaneta, ile inayochaji betri, ilikufa njiani, akaita brekidauni, wale jamaa wakaninginiza mbele na kuacha tairi za nyuma zizunguke barabarani mpaka nyumbani. Altaneta imeshabadilishwa, injini inawaka safi, lakini akiweka D gari linachelewa kushika, na likishika linapiga teke. Bampa ya mbele nayo imepasuka. Amepiga simu kwenye kampuni, wamemjibu: "Tengeneza tu, utuletee risiti, tutakurudishia." Kesho asubuhi fundi anashusha giaboksi. Anauliza ni fundi gani mzuri, bima yake inaingiaje hapo, na bampa adai jipya au akubali la kuunga.

Hiyo "tengeneza tu, utuletee risiti" ndiyo imenitoa mafichoni. Mimi huku huwa nasoma tu na kuondoka. Ila hayo maneno niliambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na yamenigharimu giaboksi nzima. Sijui kama kuna chuo wanafundishwa kuyasema.

Yangu ilikuwa hivi. Gari la kuvuta nyuma, yaani injini inazungusha tairi za nyuma tu, otomatiki. Pampu ya mafuta ilikufa njiani, usiku, nikaita brekidauni. Kijana akaja, akaninginiza mbele, akaingiza mkono ndani akaweka nyutro, akaniambia, "Iko huru bosi, haina shida." Kilomita kama 70 tairi za nyuma zinazunguka. Mimi nimekaa naye mbele kwenye lori lao tunapiga soga za mpira, sina habari kwamba kule nyuma giaboksi yangu inachomwa taratibu kama mshikaki.

Maana nyutro haisaidii kitu hapo, na hili ndilo watu wengi hatulijui. Kwenye otomatiki ya kawaida, pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Lakini tairi zinazovuta zikiendelea kuzunguka, zinazungusha shafti na vyombo vya ndani, vinasagana vikavu. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari ya otomatiki vinasema ama tairi zinazovuta zisiguse ardhi, ama vinakuwekea mwendo mdogo na umbali mfupi wa kuvutwa. Gari la kuvuta mbele ukiliinua mbele, nyuma likazunguka na handbreki imeachiwa, halina neno. La kuvuta nyuma ukiliinua mbele, umeliua. La kwako la miguu yote minne ni baya zaidi: mbele zimesimama, nyuma zinazunguka, kile kiungo cha katikati kinachogawa nguvu kinapigana na tofauti hiyo safari nzima na kinapata moto. La namna hiyo hupakiwa zima zima juu ya lori lenye jukwaa bapa, au zile tairi mbili zilizobaki zinawekewa vigari vidogo chini. Kwa hiyo kosa lao liko wazi kabisa, na ndiyo maana roho inaniuma kukuona unakwenda kulifuta kwa mikono yako.

Naendelea. Kesho yake pampu ya mafuta ikabadilishwa, nikawasha, nikaweka D. Injini inaunguruma, gari limetulia kama limeuliza kitu na linasubiri jibu. Nikachomoa kijiti cha oili ya giaboksi nikakifuta kwenye tishu. Ile oili niliizoea nyekundu kama sharubati. Siku hiyo ilitoka rangi ya kahawa, ina harufu ya maharage yaliyoungulia kwenye sufuria. Hiyo tishu, wakuu, ndiyo ilikuwa kesi yangu yote. Nikaikunja nikaitupa.

Nikapiga simu ofisini kwao. Akapokea jamaa mmoja ana sauti ya asali, mpole mpaka unajiona wewe ndiye uliyewakosea. "Pole sana kaka, mambo ya kazi hayo. Wewe usihangaike, tengeneza tu, tuletee risiti, tutakurudishia." Nikamshukuru! Nikamwombea na baraka. Sikumwambia aniandikie hata ujumbe wa mstari mmoja. Mtu mzima, nina watoto wanaonisikiliza nyumbani.

Mchana huo huo fundi akashusha giaboksi. Oili akaimwaga kwenye beseni, na kijana wake akaichukua kupaka bawaba za geti ili lisilie. Klachi za ndani zikatandazwa juu ya gunia, nyeusi, zimeisha, zingine zinabanduka ukizigusa kwa kucha. Fundi akaniambia, "Hii imeungua, sababu ni kuvutwa." Nikafurahi kabisa, nikaona sasa nina ushahidi. Vipuri vipya vikaingia, vya zamani vikaenda na mnunua vyuma chakavu.

Nikapeleka risiti. Yule wa sauti ya asali hakumbuki kuzungumza na mimi. Wakamtuma mtu wao wa ukaguzi, ana faili na kalamu mbili mfukoni. Akazunguka gari, akainama, akauliza maswali manne tu. Giaboksi ilifunguliwa lini? Nani alikuwepo ikifunguliwa? Oili ya zamani iko wapi? Vipuri vilivyoungua viko wapi? Kwa lile la tatu nilitazama geti. Geti kweli lilikuwa halilii.

Akaandika sentensi moja: kifaa kilifumuliwa kabla ya ukaguzi, chanzo cha hitilafu hakiwezi kuthibitishwa. Basi. Nilipiga kelele, nikasema fundi wangu ni shahidi. Akanijibu kwa upole kwamba fundi ndiye aliyelipwa kwa kazi hiyo, atasemaje kwamba giaboksi ilikuwa nzima? Na pengine klachi zilikuwa zimechoka kwa umri. Na pengine fundi mwenyewe kaharibu. Kila alilosema lilikuwa linawezekana, na mimi sikuwa na kitu mkononi cha kumzibia mdomo. Hapo ndipo nikaelewa sauti ya asali ilikuwa inafanya kazi gani. Haikuwa upole, ile ilikuwa mbinu: mteja amalize ushahidi mwenyewe, kwa pesa yake, kisha aje na karatasi ambayo haithibitishi lolote zaidi ya kwamba ametumia pesa. Na kama haikuwa mbinu, basi ni uzembe wenye bahati sana. Kijana wa lori nimeshamsamehe, yeye hakufundishwa kazi. Huyu wa simu bado.

Kwa hiyo mkuu: SPANA ISIGUSE GARI MPAKA WAO WALIONE, AU MPAKA WAITWE KWA MAANDISHI WAKATAE KUJA. Nimeandika kwa herufi kubwa, wasimamizi mnisamehe.

Leo hii, kabla ya kulala, waandikie. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, barua pepe ni bora, vyote viwili ni bora zaidi. Andika tarehe ya kuvutwa, kutoka wapi mpaka wapi, kwamba gari liliondoka likiwa na tatizo la altaneta peke yake, kwamba lilininginizwa mbele huku nyuma linazunguka, na sasa linafanya hivi na hivi. Taja na yale maneno ya "leta risiti", siku na saa uliyoambiwa, uwaombe wayathibitishe. Utashangaa ukimya utakaofuata. Kisha wape siku ya kuja kukagua, na waambie baada ya siku hiyo gari litafunguliwa mbele ya mkaguzi huru, wakipenda waje. Wasipokuja, kukosa kwao kunakuwa karatasi upande wako.

Waombe pia nakala ya karatasi yao ya kazi ya siku ile. Humo huwa kuna aina ya lori lililotumwa na umbali. Mimi sikuiomba mapema, na nilipokuja kuiomba nikaambiwa faili limehama ofisi. Faili lina miguu kuliko gari langu.

Usiliendeshe, hata kwenda dukani. Ukiliendesha watasema wewe ndiye umelimaliza, na safari hii watakuwa na haki kiasi. Piga video moja tu fupi: dashibodi ionekane na kilomita zake, weka D, hesabu kwa sauti mpaka lishike, zima. Kama lina kijiti cha oili, chomoa, futa kwenye karatasi nyeupe, piga picha, na hiyo karatasi USIITUPE, itie kwenye mfuko. Magari mengi ya sasa hayana kijiti, basi acha, usianze kulegeza nati za sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ukitafuta oili. Siku ya kufungua mbele ya mkaguzi, mwambie fundi oili ya kwanza iende kwenye chupa safi yenye kifuniko, na kila kipuri kilichotoka kiwekwe kwenye boksi. Boksi lilale chumbani kwako ikibidi. Mama watoto atalalamika, mwonyeshe uzi huu.

Na mkaguzi asiwe fundi atakayelitengeneza. Nimeshakueleza nilivyojibiwa.

Bima: wapigie kabla ya kufungua, si baada, kwa sababu ileile. Nao wana watu wao wa kukadiria hasara na hawapendi kukuta vyuma kwenye gunia.

Bampa piga picha. Angalia na chini, pale waliponasa ndoano ya winchi, maana wengine wananasa popote, hata kwenye mkono wa usukani. Kuna mikwaruzo mipya inayong'aa? Piga picha na hiyo, weka kitu kidogo pembeni kuonyesha ukubwa, sarafu au kiberiti.

Fundi mzuri wa giaboksi utauliza baadaye. Kwanza niambie huyu wa kesho umemzuia au bado? Mpigie sasa hivi, mafundi wa namna hii huwa wanawahi siku ambayo hutaki wawahi.