Maswali ya Wasomaji: Kulabu za Mnyororo kwenye Ndoo ya Trekta

SWALI: Mhariri wa zana na mitambo, salamu kutoka Usa River. Nina trekta la nguvu za farasi 50 lenye loda ya mbele, ambalo nalitumia kupakia samadi na mchanga. Msimu huu naondoa mibuni mizee shambani, na nimechoka kuzungusha mnyororo kwenye ndoo, maana huteleza kila mara. Fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, yuko tayari kunichomelea kulabu mbili kwenye ukingo wa juu wa ndoo, pamoja na bomba la mraba katikati la kupachikia kichwa cha kukokotea tela, na anasema kazi yote ni ya nusu siku. Kinachonitia wasiwasi ni jirani yangu, aliyefanyiwa kazi kama hiyo na sasa ukingo wa ndoo yake umejikunja kama sufuria iliyoanguka. Je, zile kulabu zilikuwa mbovu?

JIBU: Ndugu mkulima, kulabu za jirani yako huenda bado ni nzima kabisa, kwa sababu kilichoshindwa ni bamba lililozishikilia. Ukiugonga kwa nyundo ukingo wa juu wa ndoo yako, utasikia mlio wa debe, kwani ndoo nyingi za matrekta ya ukubwa huo huundwa kwa bamba jembamba lililokunjwa likaacha uwazi ndani. Bamba hilo hustahimili mchanga uliotandaa upana wote wa ndoo, lakini kulabu hukusanya uzito wote mahali padogo kama kiganja, na katikati ya ukingo, ambako hakuna ukuta wa kuushikilia, ndiko unakopinda kwanza.

Kwa hiyo mwambie fundi wako akate vipande vya pleti ya unene wa milimita 10 au 12, virefu kuliko kulabu kwa pande zote, aviviringe pembe kwa grenda, avichomelee kwanza kwenye ndoo, kisha kulabu zikae juu yake. Pembe kali huwa ndipo ufa unapoanzia, ndiyo maana naisisitiza kazi hiyo ya grenda ambayo mafundi wengi huiona kuwa ni urembo. Kulabu za pembeni zikae juu kabisa ya kuta za ubavuni mwa ndoo, ili uzito ushuke moja kwa moja kwenye ukuta uliosimama. Kama unataka ya tatu katikati, pleti yake ishuke nyuma ya ndoo hadi ifikie mbavu za kuimarishia.

Nunua kulabu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchomelewa, zenye kitako bapa. Kulabu ya kawaida iliyotolewa kwenye mnyororo imepikwa kwa moto kiwandani ili iwe ngumu, na moto wa kuchomelea huuharibu ugumu huo bila kuacha alama ya kuonekana kwa macho. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013, ambavyo karibu kila karakana inavyo, ni vizuri kwa mageti na madirisha; kwa kazi hii omba 7018, vikiwa vikavu, kwa sababu vikinyonya unyevu huacha haidrojeni ndani ya chuma na mshono ukaja kupasuka baadaye. Rangi isuguliwe hadi chuma king'ae. Kama kulabu zimepakwa zinki, zinki hiyo iondolewe pia, kwani moshi wake huleta homa, na maziwa ambayo mafundi wetu hunywa jioni hayautoi mapafuni.

Jambo ambalo fundi wa haraka hulisahau ni waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea. Ubanwe kwenye ndoo yenyewe, karibu na mahali anapochomelea. Ukibanwa kwenye chesisi, umeme utapita kwenye pini, bushi na silinda za haidroliki, na cheche ndogo tu huacha kidonda kwenye fimbo ya silinda ambacho kitakula sili, ule mpira unaozuia mafuta, hadi yaanze kuvuja. Afadhali zaidi kuivua ndoo na kuipeleka peke yake kwa pikapu, trekta likabaki nyumbani. Isipowezekana, fungua nyaya za betri na altaneta kwanza.

Bomba la mraba ni suala la pili, na hapa nina mashaka zaidi kuliko fundi wako. Bomba la tundu la inchi 2 lenye pini ya milimita 16 linafaa sana kusogezea tela tupu uani, kwa kuwa unaliona mbele yako badala ya kugeuza shingo. Tatizo huja watu wanapochomeka humo boriti ndefu ya kunyanyulia. Tuseme pini za ndoo ziko mita 1 mbele ya ekseli ya mbele, na mzigo wa kilo 300 unaning'inia mita 1.5 mbele zaidi: trekta linausikia kama kilo 750 zilizoning'inia kwenye pini, na magurudumu ya nyuma huanza kuelea. Weka uzito nyuma kwenye pointi tatu, yaani mikono ya kufungia zana, au jaza maji kwenye tairi za nyuma hadi usawa wa valvu ikiwa juu, yaani kama robo tatu. Usa River hakuna baridi ya kuyagandisha.

Na hiyo mibuni, tafadhali usiing'oe kwa loda kabisa. Mikono yake ilitengenezwa kunyanyua. Ukirudi nyuma kwa kishindo huku mnyororo umelegea, au ukiuvuta kwa kulabu ya upande mmoja, mikono hujipinda na fimbo za silinda zilizochomoza hukunjwa. Chimba mizizi pembeni, kisha ifunge kwenye upau wa kukokotea wa nyuma, ulio chini ya ekseli. Ukifunga juu ya ekseli, trekta linaweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Kulabu za ndoo zitakufaa kuvinyanyua visiki vilivyokwisha kutoka ardhini na kuvibeba, ndoo ikiwa chini.

SWALI: Mnyororo wangu wa milimita 10 ulikatika pete moja nikaichomelea. Je, naweza kuendelea kunyanyulia? Msomaji, Moshi.

JIBU: Hapana. Mnyororo wa milimita 10 wa gredi 80 (gredi ni kiwango cha uimara wa chuma chake) hubeba tani 3.15 ukiwa mzima; ukishachomelewa hakuna anayeweza kukuambia unabeba kiasi gani. Kata kipande hicho, na panapobaki mnyororo wa kutosha, unga kwa kiungo cha gredi ileile. Pete iliyochomelewa ifungie geti.