Rabi si kuhani, na Talmud si kitabu cha siri

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna mhubiri mtaani kwetu anajiita rabi. Anadai amepokea ukuhani wa Haruni, anajua siri za Talmud, na anatuuzia shali za maombi za Kiyahudi. Je, rabi ndiye kuhani wao? Na hiyo Talmud ina nini hasa?

Jibu: Marahaba. Swali hili naulizwa kila mara ninapofundisha historia ya dini, na mara nyingi muulizaji ameshatoa hela.

Ukuhani wa Haruni haupokelewi. Mtu huzaliwa nao kwa upande wa baba, basi. Na tangu Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, makuhani hawana madhabahu wala sadaka. Wamebaki na mambo machache: kuhani huitwa wa kwanza Torati inaposomwa katika sinagogi, na huwabariki watu kwa maneno ya Hesabu sura ya 6.

Rabi ni msomi wa sheria, awe wa ukoo wowote. Gershom Sizomu, wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi Waafrika kule Mbale, Uganda, alisomea kazi hiyo Los Angeles kwa miaka kadhaa hadi akaidhinishwa mwaka 2008. Tena ibada haimsubiri rabi: kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale washika mapokeo, wanaume wazima kumi wakitimia, sala za jamaa zinasaliwa.

Lakini hizo "siri za Talmud" ndizo zinazonikera kuliko yote. Fungua ukurasa uone. Katikati pana Mishna, sheria zilizokuwa zikifundishwa kwa mdomo hadi Rabi Yehuda ha-Nasi alipozikusanya mnamo mwaka 200. Zinafuatwa na Gemara, ambamo wanazuoni wa Babeli wanazijadili na kubishana. Pembeni yako maelezo ya Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Na wanabishania nini? Watu wawili wameshika vazi moja, kila mmoja anasema "lote ni langu": waape vipi, wagawane vipi? Shema ya jioni, ile sala ya "Sikia, Ee Israeli", isomwe kuanzia saa ngapi? Talmud nzima ilipigwa chapa Venice katika miaka ya 1520, na leo inasomwa bure mtandaoni. Siri iko wapi?

Shali nayo ina vishada katika pembe nne kwa agizo la Hesabu 15, ili anayeivaa azikumbuke amri za Mungu. Haiponyi maradhi wala haifungui biashara. Pembe ya kondoo dume wanayopuliza kwenye mikutano ya injili, Wayahudi huipiga Mwaka Mpya wao kuita watu watubu. Wanaozichukua alama hizi na kuzigeuza dawa wanaidhalilisha imani ya watu na kuwakamua maskini. Huyo wa mtaani kwenu muulizeni alisomea wapi na nani alimwidhinisha. Akianza kusimulia maono, msimpe hata shilingi.