Jibu: Treni ya ghorofa na hofu ya kupinduka

Ndugu, umeuliza kama treni za ghorofa mbili huacha reli kirahisi kwa sababu ya kimo chake. Kimo peke yake kisikutishe: ghorofa ya chini huzamishwa kati ya bogi mbili (fremu zenye magurudumu chini ya behewa), karibu na reli, hivyo uzito haupandi juu kama unavyoonekana kwa macho.

Mimi naogopa zaidi gurudumu kupoteza mzigo. Reli ikijipinda na springi zikiwa ngumu mno, gurudumu moja hubaki jepesi, na likisukumwa kando ukingo wake hupanda juu ya reli. Springi za hewa husaidia, ila mfuko mmoja ukipasuka, vali lazima ipunguze hewa ya mwenzake, la sivyo behewa litaegemea upande mmoja.

Lakini mwendo hauna dawa ya springi. Waterfall, kusini mwa Sydney, tarehe 31 Januari 2003, dereva wa treni ya ghorofa alipatwa na mshtuko wa moyo. Treni ikaingia kona yenye kikomo cha kilomita 60 kwa saa ikienda takriban 117. Wakafa watu 7. Kanyagio la usalama, ambalo dereva hulikandamiza kwa mguu akiendesha, lilipaswa kufunga breki alipozidiwa, halikufunga.